Kufuli la Pauni

...na kama kinyozi angeanza na shavu la kushoto ingekuwa nafuu, maana shavu la kushoto lina kovu, kovu la utotoni, na penye kovu wembe hauendi mbio, unapita polepole, na polepole ndilo neno analolitaka asubuhi hii kuliko neno jingine lolote, polepole bwana, piga soga, katafute taulo jingine, kachemshe maji upya, ila usimalize, maana ukimaliza nitasimama, nikisimama nitalipa, nikilipa nitatoka, na nikitoka njia ni moja tu, inakwenda kwa dada... simu ikatetemeka juu ya paja lake, mara moja, kwa ufupi, naye mzimamzima akaruka nayo, kidevu kikapanda, povu likamwingia puani, na kinyozi akauinua wembe hewani akasema, "Tulia basi, Barafu, nina chuma mkononi," akatulia, akakaza macho kwenye dari, akaikamata simu kwa mikono miwili chini ya kile kitambaa cheupe alichofungwa shingoni, akajiambia ni kengele tu, kengele aliyoitega mwenyewe, bei ya pauni imegusa mahali, imepanda au imeshuka, na ipande ishuke haimhusu, haimhusu hata punje, alishafunga kufuli, na mtu aliyefunga kufuli anakaa kwenye kiti cha kinyozi kakunja nne anasinzia, lakini moyo nao ni kiumbe wa ajabu, nani aliuambia habari za kufuli, wenyewe unaruka tu kila kitu kinapotetemeka, juzi uliruka hata friji la nyumbani lilipojiwasha.

Barafu, eti. Jina hilo walimpa watu wa kundi, kundi la kwenye simu la wale wanaojifunza kununua na kuuza sarafu za kigeni, mafundi, walimu, wenye maduka, wastaafu wenye macho mabovu wanaouliza swali lilelile kila siku, na yeye ndiye mwalimu wao, kila asubuhi anawatumia ujumbe wa sauti, ile sauti yake tulivu ya mtu aliyelala vizuri, ndugu zangu, soko halikujui, halikuchukii wala halikupendi, ukipigwa kubali umepigwa, funga, nyanyuka kwenye kiti, kanywe maji, kesho lipo, hasara si aibu, aibu ni kuing'ang'ania... na watu wanamjibu kwa vidole gumba, asante mwalimu, umenifungua, leo nimekula hasara yangu ndogo nikalala kama mtoto, na yeye anasoma yale akiwa amekaa chooni, mlango kaufunga kwa komeo, maana chooni ndipo mahali pekee nyumbani ambapo mtu anaweza kuitazama simu asiulizwe, na mke wake kwa nje anapita na ndoo anasema, "Hilo tumbo lako nenda kalipime, baba, litakuja kukuumbua mbele za watu," na kweli tumbo linauma, kwa hiyo si uongo wote, nusu tu ya uongo. "Barafu," akaita mtu wa benchi, fundi wa mafriji, mwanafunzi wake mwaminifu, aliyekuwa anasubiri zamu na kofia yake magotini, "pauni vipi leo? Tununue au tuuze?" na kabla hajafungua mdomo kinyozi akamjibu kwa niaba yake, "Mwache mwenzio, akiongea nikamkata nani atanilipa," wakacheka, naye akacheka kwa pua, na alishukuru, alimshukuru kinyozi kwa dhati, maana angeulizwa kwa mdomo mtupu angesema nini, angesema pauni sijui, fundi, pauni mimi na yeye hatuongei tena.

Na si kwamba hakujua siku ile. Hilo ndilo linalomla. Siku ile benki kuu ilipotangaza riba yeye alikuwa tayari amenunua pauni, kanunua nyingi, nyingi kuliko anavyowafundisha wenzake, na pesa hazikuwa zake, zilikuwa za dada yake, mafao ya shemeji aliyefia kazini, yale yaliyosumbuliwa ofisi hadi ofisi mpaka yakatoka, na dada akayaleta kwake kwa sababu wewe ndiye mwenye akili ya hivi vitu, mdogo wangu, yakae kwako yazae kidogo mpaka nipate chumba... kikomo aliweka, alikiweka kama anavyofundisha, mahali pa chini ambapo bei ikifika mashine yenyewe inakutoa, unakula hasara yako ndogo, unakwenda zako, na bei ikaanza kushuka kuelekea kwenye kikomo, mshumaa mmoja mwekundu kwenye chati, wa pili, na yeye akakishika kile kikomo kwa kidole akakisogeza chini, kidogo tu, kama unavyosogeza kiti mgeni apite, halafu akakisogeza tena, na mkono haukutetemeka, ajabu ndiyo hiyo, mkono ulikuwa umetulia kabisa, mtu angemwona angesema huyu kweli ni Barafu, halafu akakiondoa. Bei ikaporomoka. Akakaa pale anaitazama inavyokwenda, na sauti yake mwenyewe ya asubuhi ikawa inamwambia funga, funga, nyanyuka kanywe maji, na kidole kikakataa. Kilikataa katakata. Angeambiwa akate kile kidole kuliko kukibonyeza pale palipoandikwa funga, pengine angekikata.

"...wiki moja tu, ndivyo alivyosema," kinyozi alikuwa anamweleza fundi, mkono mmoja umebana pua ya Barafu umeielekeza juu, "mama mkwe huyo, wiki moja tu nije nimwone mjukuu, sasa mtu wa wiki moja anakuja na mto wake wa kulalia? Na kinu? Nikamwambia mke wangu, mama yako amehamia huyu, akaniambia wewe una roho mbaya," na fundi akasema, "Kinu tena?" na wembe ukashuka taratibu kando ya sikio, krr, krr, na Barafu akafikiri kwamba nao hawa wana shida zao, lakini ni shida zinazokaa sebuleni, unaziona, unazisalimia asubuhi, shikamoo mama, si hii ya kwake isiyo na sura, iliyo tarakimu tu ndani ya kioo... maana alichofanya badala ya kufunga, na hili hajamwambia mtu, hata mke, hata ukutani hajalisema, alichofanya ni kuuza. Zile pauni alizonunua akaziacha palepale zinavuja, halafu kando yake akauza pauni nyingine, kiasi kilekile, sawasawa. Kufuli. Wenye kazi hii wanalijua, na wengi walilipitia wakiwa wachanga, na yeye ana ujumbe mzima wa sauti alioutuma kundini kuwaonya watu wasiliguse. Uzuri wake ni kwamba kuanzia dakika ile hupotezi tena. Pauni ikishuka, ile ya kununua inalia, ile ya kuuza inacheka, ikipanda vivyo hivyo kinyume chake, na ukijumlisha kilio na kicheko unapata kitu kilekile, jana, leo, mwezi ujao, hasara imesimama. Haikui. Na kwa kuwa hujafunga, pale juu kwenye kioo, palipoandikwa salio kwa herufi nene, tarakimu ni ileile ya mwanzo, pesa ya dada yake nzima, haijaguswa, ukitaka ukweli uteremshe macho mstari wa chini, wa herufi nyembamba, ndipo utaona nusu na kidogo, na yeye siku hizi ana ufundi wa kutoteremsha macho.

Lakini alisema atalifungua. Hakulifunga ili likae, hapana, alilifunga apumue, akili itulie, halafu siku moja nzuri ataiondoa ile ya kuuza pauni ikiwa chini kabisa, ataiacha ya kununua ipande peke yake mpaka irudi nyumbani, na hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na kitu... na siku moja nzuri ilikuja, au alidhani imekuja, akafungua, pauni ikamng'ata hapohapo, akalirudisha kufuli mbio, na ule mstari wa chini ukawa mfupi zaidi, na tangu hapo anaogopa. Sema neno lenyewe. Anaogopa, mtu mzima na ndevu zake, anawafundisha watu kutoogopa na yeye mwenyewe anaogopa kitu kisichoweza kumpiga kofi. Mkewe akimgusa bega anaruka. Juzi kwenye foleni ya duka la dawa mtu alidondosha chupa nyuma yake, naye Barafu akatukana tusi ambalo hajalitamka tangu ujana, tena mbele ya mama mtu mzima, akaomba radhi mpaka akawachosha. Na usiku... usiku tuuache. Kufuli lile linakula vijisenti kila kunapokucha, ada ya kulaza mizigo, wanasema, vijisenti tu, na yeye alijiambia vijisenti ndiyo bei ya amani, amani ipi sasa, mpumbavu wewe, amani ipi.

Simu ikatetemeka tena. Mara moja. Akaibana. Kengele, ni kengele, kwa nini basi hakuzizima hizi kengele ikiwa bei haimhusu, ametega kengele juu na chini, kila mahali ambapo pauni inaweza kukanyaga, na zote zikilia hakuna anachoweza kufanya wala anachotakiwa kufanya, ni sawa na kumpigia simu marehemu kumuuliza hali, lakini akizizima atabaki na nini, atakaa kimya na nani... "Geuza kichwa kidogo, hivyohivyo," kinyozi akasema, vidole vyake vina harufu ya spiriti, "halafu usiku anakohoa makusudi, nakwambia, makusudi, mimi nikirudi tu naambiwa mama kifua kinambana, nimpishe kitanda," na fundi akasema huyo ni wa kumkatia tiketi mwenyewe, ukamweka na kwenye kiti, ukasubiri basi liondoke, na Barafu akamwona dada yake. Hakutaka kumwona, alimwona tu, amekaa nyuma ya cherehani, utepe wa kupimia shingoni, anazungumza na simu aliyoibana kati ya sikio na bega kwa sababu kazi haimwachi mikono hata siku moja azungumze na simu kama watu, na anauliza lile swali lake la kila Ijumaa jioni, "Bado ipo?" na yeye anajibu, "Ipo, Dada." Ipo. Na hakusema uongo, ukifungua simu unaiona pale juu kwa herufi nene, ipo, hakimu yeyote angemwachia. "Haya, Mungu akuweke," anasema dada, na cherehani linaanza tena kukimbia hata kabla hajakata simu.

Leo ndiyo siku yenyewe. Chumba kimepatikana, chumba chenye mlango unaotazama barabarani, dada amekitafuta muda wote huu, si kile kishimo cha uani anachoshonea sasa, ambacho mteja mpaka aelekezwe na mtoto wa jirani, na leo kabla ya adhuhuri wanakwenda kwa mwenye nyumba, dada na yeye, yeye kwa sababu ya kusoma mkataba, na kwa sababu ya pesa, na ameamka mapema, ameoga, amevaa shati la kukutana na watu, amefika mpaka kwenye kona ya kuingia kwa dada yake akaona mlango wa kinyozi uko wazi akaingia. Ndevu zenyewe alizinyoa majuzi. Kinyozi alimtazama kidevu akamtazama na uso, akachukua brashi. Kwa sababu kiti cha kinyozi ndicho kiti pekee duniani ambapo mtu akikwambia nyanyuka unaweza kumwonyesha shingo yako ukanyamaza. Basi amekaa, na anaandaa maneno. Dada, unajua soko mwaka huu... hapana. Dada, benki kuu ilitangaza jambo ambalo hakuna aliyelitegemea... lakini walitegemea, nusu ya dunia ilitegemea. Dada, pesa imefungwa kidogo, nipe miezi mitatu... na hili ndilo tamu, hili lina ladha ya kweli, imefungwa si ndiyo, miezi mitatu pauni inaweza kufanya lolote, imeshawahi kufanya, mwenye nyumba apewe kishika uchumba tu, na yeye anaweza kukikopa kishika uchumba kwa fundi hapa, fundi angempa hata kesho, angempa na kushukuru, halafu hakuna anayepoteza kitu, hasara imesimama, imesimama palepale, hakuna mtu aliyeumia zaidi ya pale ilipoishia siku ile, hilo angalau alilifanya, aliisimamisha.

Na hapohapo, wembe uko chini ya taya, likaja lile neno, halikuitwa, alilisahau kabisa kwamba liliwahi kusemwa. Siku dada alipomletea ile pesa. Walikuwa wamesimama mlangoni kwake, yeye Barafu kashaanza kuingia ndani, ana haraka zake za kwenda kutazama chati, na dada akamshika mkono wa shati, akamwambia, "Mimi hayo mambo yako ya mishumaa siyajui, na pesa ni pesa, inaweza kupotea, shemeji yako mwenyewe alipotea na alikuwa mtu. Nakuomba kitu kimoja tu. Ikipotea niambie siku hiyohiyo. Nisije nikakaa napanga." Na yeye akacheka. Akasema, "Dada nawe, unaanza kuomboleza kabla ya msiba," akamtoa ule mkono kwa upole, akaingia. Nisije nikakaa napanga. Na dada amekaa anapanga. Ee bwana we, amekaa anapanga muda wote huu, na alikuwa anamwambia, kila Ijumaa alikuwa anamwambia, baada ya lile swali, na yeye alikuwa akishajibu ipo anaweka simu mbali na sikio, anapumua, anasikia nusunusu, maneno ya wanawake ya mishono na vitambaa... nimelipia arbuni ya cherehani la pili, mdogo wangu, la umeme, nimewaambia mabinti wawili waje kujifunza kazi, mmoja ameacha kazi ya ndani aliyokuwa nayo, wale wa shule nimewakubalia sare zao maana nitakuwa na nafasi ya kutandaza, nimemwambia mwenye kile chumba cha uani namwachia mwezi huu, ana mpangaji mwingine, muuza simu, kashampa neno... na yeye anajibu vizuri, Dada. Safi sana, Dada. Hasara imesimama, anajiambia, huku dada yake kule anaweka tofali juu ya tofali hewani, na kila tofali ni la kweli, ni jasho lake, kila Ijumaa hasara ilikuwa inakwenda, ilikuwa inakimbia, ila haikuwa inapita kwenye kioo chake. Na ile nusu iliyobaki, nusu na kidogo, ilikuwepo, ilikuwa pesa halisi, angempa siku ileile angelia wiki mbili, angemsema, angemwita kwa majina yote ya marehemu babu yao, halafu angefuta machozi angenunua cherehani moja akaendelea na kishimo chake cha uani. Hata hiyo aliifungia. Aliifungia pamoja na ile iliyokufa, kwa sababu asingeweza kumpa hai bila kumwonyesha maiti, na si kwa ajili yake dada, hapana, ni kwa ajili ya jina, ili mtu mmoja duniani aendelee kumwambia wewe ndiye mwenye akili ya hivi vitu.

Akataka kusimama sasa hivi na povu lake na kitambaa chake, avuke barabara, maana kama ni mwezi huu basi ufunguo wa kile chumba cha uani unarudishwa lini, alisema lini, alisema Ijumaa iliyopita na yeye simu ilikuwa mbali na sikio, asubuhi, alisema kitu cha asubuhi, asubuhi nikishamalizana na yule mzee ndipo tukutane, yule mzee ni nani kama si mwenye kile chumba cha uani, asubuhi hii, hii hapa... "Mm," akasema, mdomo kaufunga. "Nini?" kinyozi akasema. "Subiri, hapa ndipo pabaya, usimeze hata mate," akamsukuma kidevu juu kwa kidole kimoja, akainama mpaka pumzi yake ikagonga koromeo, na simu ikatetemeka. Mara moja. Ikatetemeka tena. Na tena, ndefu, haikuwa kengele, kengele haing'ang'anii hivi, na kidole gumba chake chini ya kitambaa, kile kilichokataa siku ile, kilitafuta mahali pa kupokelea bila macho, kikapata, na pengine kikagusa na spika, maana sauti ya dada yake ikatoka magotini pake, kubwa, ya furaha, duka zima likaisikia.

"Mdogo wangu, uko wapi? Niko hapa na mzee mwenyewe, tumeshakagua ukuta, hana neno. Muuza simu naye yuko mlangoni na mabegi yake, hataki hata nimalize kufagia." Akacheka. Kinyozi naye akatabasamu, wembe haujaondoka kwenye ngozi. "Sasa ufunguo ninao mkononi. Nimpe?" Fundi wa mafriji aliinua kichwa kutazama ile sauti inatoka wapi. "Haloo? Upo? Nauliza nimpe ufunguo, au nisubiri ufike kwanza?"

Yale maneno yote aliyoyaandaa yalikuwepo, yamejipanga, soko, benki kuu, miezi mitatu, na akatambua kwamba hakuna hata moja linaloweza kupita chini ya wembe, yote marefu. Lilikuwepo moja fupi. Lingemgharimu dada yake, lingemgharimu fundi aliyeko benchini na kofia magotini, na kundi zima, na ile sauti ya asubuhi, na kiti hiki pia, maana hawezi kuja kukaa hapa tena akaitwa Barafu bila watu kutazamana. Akaona yote hayo yakienda. Yalikuwa yamekwenda siku nyingi. Akafungua mdomo, taya likashuka juu ya chuma, akasikia pakichomeka.

"Usimpe, Dada," akasema.

Kinyozi akaruka nyuma. "Nilikwambia nini mimi, ona sasa," akasema, akitafuta pamba, na damu ikaanza kuteremka taratibu kuelekea kwenye kitambaa cheupe, naye hakuifuta, mikono ilikuwa bado chini, imeishika simu. Alingoja dada amuulize kwa nini. Alikuwa na jibu, kwa mara ya kwanza alikuwa na jibu la neno moja. Kule upande wa pili simu haikuwa imekatika, alikuwa anamsikia akipumua, akasikia na begi likiburutwa, na muuza simu akiuliza kama aingie au asiingie. Dada hakuuliza kwa nini.

"Ilipotea lini?" akasema.